Tajiri Ukutani: Namna ya Kuzitazama Picha za Wenye Viwanda

(Hotuba hii ilitolewa na mwenezi wetu wa chama mbele ya mkutano wa wanachama na walimu wanafunzi. Tunaipiga chapa kama ilivyosemwa.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya picha. Najua wako waliokuja wakitazamia kwamba leo tutasema juu ya bei, mishahara na ada za chama, nao wakilisikia neno "picha" watasema kijana huyu ametuletea mambo ya starehe. Nawaomba subira. Picha nitakazozisema ni picha za matajiri wenye viwanda, zilizochorwa kwa rangi, zikatiwa fremu za kung'aa, zikatundikwa juu ili watu wazitazame kwa kuinua shingo. Mtu akitazama kitu kwa kuinua shingo kila siku tangu utoto wake, basi shingo yake hujifunza. Hilo ndilo jambo langu, wala si la starehe hata kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Picha ya kamera huchukua chochote kilichosimama mbele yake, hata mbuzi akipita nyuma. Picha ya heshima ya kuchorwa kwa mkono haiko hivyo. Mwenye kuchorwa hukaa kitini siku nyingi. Mchoraji huchagua koti, huchagua mwanga utokee upande gani, huchagua mkono ulazwe wapi, na nyuma ya mtu kuwe na nini. Na juu ya mchoraji yuko anayelipa, naye pia ana machaguo yake. Kwa hiyo katika picha ya namna hii hakuna kitu kilichoingia kwa bahati. Kila kilichomo kimetiwa, na kila kisichokuwamo kimeachwa. Mwanachama akikumbuka neno hilo moja tu na kuyasahau mengine yote, sitakuwa nimewapotezea wakati.

Zamani katika nchi za Ulaya waliochorwa hivyo walikuwa wafalme, maaskofu na majemadari. Zilipokuja mashine, wakatokea watu wapya wenye fedha, watu wa pamba, wa chuma na wa makaa ya mawe. Nao wakataka nafasi katika ukuta ule ule. Wengi wao waliomba wachorwe kama makabaila wa zamani, pazia zito nyuma, nguzo ya mawe pembeni, karatasi mkononi, ili atazamaye aseme: mtu huyu alianza kutawala tangu dunia kuumbwa. Baba yake alikuwa na duka dogo, lakini nguzo ya mawe haisemi habari za duka.

Sasa twendeni Urusi, kwa maana huko jambo hili lilifika mahali pa kufundisha. Mwaka 1863, katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini St. Petersburg, wanafunzi 14 walipewa mtihani wa kugombea nishani ya dhahabu. Waliamriwa wachore karamu ya miungu katika hadithi za kale za Skandinavia. Wanafunzi wakasema: tupeni ruhusa kila mmoja achague jambo lake mwenyewe. Wakubwa wakakataa. Wote 14 wakatoka, wakaiacha nishani. Kiongozi wao alikuwa Ivan Kramskoi, kijana asiyetoka katika nyumba kubwa, ambaye alipata riziki yake kwa kazi ya kusafisha na kutengeneza picha za kamera.

Mwaka 1870 watu hawa pamoja na wenzao waliunda chama cha maonyesho ya safari. Maana yake, picha hazikukaa St. Petersburg na Moscow peke yake kuwangoja mabwana, bali zilifungashwa zikapelekwa miji ya mikoani, wakaziona watu wasioalikwa katika majumba ya kifalme. Onyesho la kwanza lilifunguliwa mwaka 1871. Hawa ndio wachoraji wa uhalisia wa Urusi. Huko Ufaransa naye Gustave Courbet alikuwa amekwisha kuchora wavunja mawe wa barabarani mwaka 1849, na watu wakubwa wakashangaa kwa nini turubai kubwa namna ile lipotezwe kwa vibarua. Sheria ya wachoraji hawa ilikuwa moja: mchore mtu kama alivyo, na makunyanzi yake, na koti lake lililochakaa, na uchovu wake.

Je, ndugu zangu, mchoraji aliyeapa kusema kweli akiitwa na mwenye kiwanda, atafanyaje? Na hapa pana fumbo la kwanza, kwa sababu mnunuzi mkubwa kuliko wote wa picha hizi za kweli alikuwa mwenye kiwanda.

Jina lake Pavel Tretyakov. Alizaliwa Moscow mwaka 1832 katika nyumba ya wafanyabiashara. Mwaka 1866 yeye na ndugu yake pamoja na washirika walianzisha kiwanda kikubwa cha kitani katika mji wa Kostroma, kando ya mto Volga. Tangu mwaka 1856 alikuwa akinunua picha za wachoraji wa nchi yake, moja baada ya moja, na mwaka 1892 akazitoa zote, zaidi ya 1,000, pamoja na zile zilizoachwa na marehemu ndugu yake Sergei, zikawa mali ya mji wa Moscow. Akawaagiza wachoraji wawachore watu wenye akili wa Urusi ili vizazi vijavyo viwajue. Ndiyo sababu leo tunazijua sura za Dostoevsky, aliyechorwa na Perov mwaka 1872, na ya Tolstoy, aliyechorwa na Kramskoi mwaka 1873. Yeye mwenyewe hakupenda kuchorwa. Hata hivyo Kramskoi alimchora mwaka 1876, na Ilya Repin akamchora mwaka 1883.

Itazameni ile ya Repin. Ni mtu mwembamba mwenye ndevu, koti jeusi lisilo pambo, vidole virefu, na macho ya mtu anayewaza jambo lake. Hana nishani kifuani, hana pazia wala nguzo. Ukiiona utasema huyu ni mwalimu, au kasisi, au tabibu. Je, picha hiyo ni ya kweli? Naam, ni ya kweli. Waliomjua walimjua hivyo, mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Mchoraji hakusema uwongo.

Lakini, ndugu wanachama, Kostroma iko wapi? Hakuna uzi wa kitani katika picha ile. Hakuna mlio wa mashine, hakuna vumbi la nyuzi, hakuna mtu aliyesimama zamu yake mpaka miguu ikavimba. Bila Kostroma, hakuna fedha ya kununulia picha. Na bila fedha hiyo, nyumba ile kubwa ya Moscow isingekuwako. Basi twajifunza jambo la pili: uso unaweza kuwa wa kweli na habari ikawa pungufu. Uso hutuambia mtu ana tabia gani. Uso hauna hesabu ya mapato. Na tena nasema, picha ya mtu mwema iliyochorwa kwa ukweli inaweza kuficha mengi kuliko picha ya mtu mbaya iliyochorwa kwa kujipendekeza, kwa sababu ile ya pili kila mtu anaishuku, lakini ile ya kwanza twaiamini, nasi tukiisha kuiamini hatuulizi tena.

Nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kumtukana Tretyakov. Mtu aliyeweza kununua farasi na mashamba akanunua urithi wa taifa lake na kulikabidhi taifa, huyo anastahili heshima yake. Haki ni haki hata kwa tajiri. Ninachosema ni kwamba heshima yake isitufanye tusahau kuuliza.

Sasa sikilizeni fumbo la pili. Alikuwako ofisa wa mizinga, jina lake Nikolai Yaroshenko, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha risasi cha St. Petersburg. Alichora katika saa zake za mapumziko. Mwaka 1878 akaonyesha picha iitwayo "Mchochea Moto". Ni mtu mmoja amesimama mbele ya tanuru la kiwanda. Mwanga wote unatoka katika moto, umempaka nguo na mikono rangi nyekundu. Mgongo umeinama kidogo, kama mgongo wa mtu aliyezoea kuinama. Mikono ni mikubwa, mishipa imesimama kama kamba. Naye amegeuka anatutazama. Hana hasira wala haombi kitu. Anatutazama tu, mpaka mwenye kumtazama ndiye anayeona haya.

Yaroshenko alifanya kitu ambacho hakikuwa kimezoeleka. Heshima ile ile ya kusimama peke yako katikati ya fremu, iliyokuwa ya majemadari na matajiri, alimpa mchochea moto. Na nani aliinunua picha hiyo? Aliinunua Tretyakov, yule yule mwenye kiwanda cha kitani. Mpaka leo mwajiri na mchochea moto wamo katika nyumba moja ya picha mjini Moscow.

Lakini tazameni tofauti. Tretyakov tunamjua jina, mwaka aliozaliwa, ndugu yake, kiwanda chake, mwaka aliokufa, nao ni 1898. Mchochea moto hana jina. Chini ya picha yake imeandikwa kazi yake. Mwenye kiwanda ana jina, mfanyakazi ana kazi. Hata mchoraji mwema, katika picha njema, iliyonunuliwa na tajiri mwema, jambo hilo halikurekebishwa. Na tazameni mikono: ya mwenye kiwanda imepumzika, ya mchochea moto ndiyo kitu kikubwa katika picha yote. Hivyo hata asiyejua kusoma ataweza kusoma.

Mzee mmoja aliniuliza juzi, nami nampenda kwa sababu huuliza bila kuogopa: "Mwanangu, tajiri amelipa kwa fedha yake. Ana haki achorwe apendavyo. Wewe waona nongwa gani?" Nami namjibu, mzee wangu, kwamba swali ni hilo hilo neno "yake". Niruhusuni niwape habari za ukoo mmoja, ukoo wa Morozov.

Mkuu wa ukoo huo, Savva Vasilievich Morozov, alizaliwa mwaka 1770 akiwa mtwana, mali ya bwana mwenye ardhi. Alisuka vitambaa, akauza, akaweka akiba, na mwaka 1820 akajikomboa yeye na wanawe kwa rubli 17,000. Huyo ni mtu wa kusifiwa, ajuaye utumwa kwa ngozi yake. Utwana wenyewe haukufutwa katika Urusi mpaka mwaka 1861. Sasa, mwanawe Timofei akawa mwenye kiwanda kikubwa cha nguo cha Nikolskoye. Kati ya mwaka 1882 na 1884 mishahara katika kiwanda hicho ilipunguzwa mara tano. Na juu ya kupunguzwa kukawa na faini: faini ya kuchelewa, faini ya kitambaa chenye dosari, faini ya kuimba, mpaka wengine wakapoteza hata robo ya mshahara. Faini hizo ziliingia katika mfuko wa mwenye kiwanda.

Mwezi wa Januari mwaka 1885 watu wapatao 8,000 waligoma. Waliongozwa na Pyotr Moiseenko na Vasily Volkov, wafuma nguo. Moja katika madai yao lilikuwa kwamba faini isizidi kopeki 5 katika kila rubli ya mshahara. Si dai la kupindua dunia hilo, ndugu zangu. Askari waliletwa, mamia ya watu wakakamatwa. Lakini mwaka 1886, walipofikishwa mahakamani, wazee wa baraza waliulizwa maswali 101 ya hatia, na katika yote 101 wakajibu: hawana hatia. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya kuzuia faini na kuamuru zitumiwe kwa faida ya wafanyakazi, zisiingie mfukoni mwa tajiri. Basi, mzee wangu, nusu karne na ushei baada ya babu kujikomboa kwa jasho la kufuma nguo, mtoto wake alikuwa akiwatoza faini wafuma nguo. Fedha iliyolipa picha za nyumba kama hiyo, tuiite "yake" kwa maana ipi?

Ndipo tunafika kwa mchoraji Valentin Serov, mwanafunzi wa Repin. Mwaka 1902 alimchora Mikhail Morozov, wa tawi jingine la ukoo huo, lenye kiwanda cha nguo katika mji wa Tver. Serov alilipwa na matajiri, lakini hakuwa mtu wa kuwapaka mafuta. Amemsimamisha Mikhail mzima mzima, miguu imetanuka sakafuni, mwili mnene ndani ya nguo nyeusi, macho yanakukabili kama ya mtu ambaye hajazoea kuambiwa hapana. Ukiitazama picha hiyo wajiuliza: je, huyu anakaribisha wageni au anawafukuza? Mtu alikuwa na umri wa miaka 32 tu, naye alikufa mwaka uliofuata. Watu wa Moscow walijua kwamba kukaa mbele ya Serov ni hatari, na bado walimwendea. Huo ndio ukweli wa mchoraji unapofika mwisho wake: anakula chakula cha tajiri, na bado hamfichi.

Mwaka 1910 Serov alimchora pia Ivan Morozov, ndugu wa Mikhail. Nyuma yake amechora picha ya Matisse yenye matunda, ambayo Ivan alikuwa ameinunua. Angalieni jambo hilo vizuri. Mwenye kiwanda cha nguo amechorwa pamoja na alichonunua. Alichouza hakimo. Nguo zilizovaliwa na maelfu ya watu, pamba iliyotoka mbali, nyingine ikitoka katika nchi za Waislamu wa Asia ya Kati ambazo Urusi ilizitwaa kwa mizinga tangu miaka ya 1860, yote hiyo haimo katika fremu. Yamo matunda.

Sasa nawaombeni masikio yenu yote, kwa maana hapa ndipo penye somo gumu. Wako wenzetu wasemao: dawa ni kuwaonyesha wakubwa picha za wanyonge, wakiona watahurumia, wakihurumia watabadilika. Mimi nasema tusitegemee hivyo, na ushahidi wangu huu hapa.

Mwaka 1870 Repin alisafiri mto Volga kuwatazama watu wavutao majahazi kwa kamba vifuani. Alikaa nao, akawajua kwa majina. Mmoja aliitwa Kanin, aliyekuwa padri zamani. Mwaka 1873 akamaliza picha ya watu 11 wanaovuta, wamefungwa kamba kama wanyama, nayo ni moja ya picha kuu za karne ile. Ilinunuliwa na Vladimir Alexandrovich, mtoto wa Mfalme. Akaitundika nyumbani kwake katika chumba cha kuchezea biliadi. Kwa miaka mingi alicheza biliadi na wageni wake mbele ya wale watu 11. Hatuwezi kusema hakuwaona.

Tarehe 9 Januari mwaka 1905, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, wafanyakazi wa St. Petersburg walikwenda kwa maandamano kumpelekea Mfalme ombi lao. Hawakuwa na silaha. Walibeba picha za watakatifu, na walibeba picha za Mfalme mwenyewe. Wakapigwa risasi, wakafa wengi. Kamanda mkuu wa majeshi ya mji ule alikuwa nani? Ni yule yule Vladimir Alexandrovich, mwenye picha ya wavuta majahazi. Tena yeye ndiye aliyekuwa rais wa Chuo cha Sanaa. Serov aliyaona mashambulio kwa macho yake kutoka dirisha la chuo hicho. Yeye na mchoraji mwenzake Polenov wakaandika barua ya kupinga, kisha Serov akaurudisha uanachama wake wa chuo, akajitoa.

Ndugu zangu, mambo mawili hapo. La kwanza: picha ya mnyonge katika ukuta wa mkubwa yaweza kugeuka pambo, kama pembe ya nyati. Picha haigomi, picha haidai, picha haipigi kura. Watu ndio wafanyao hayo. La pili: wale walioibeba picha ya Mfalme mbele ya vifua vyao waliamini kwamba sura iliyochorwa kwa upole ni ya mtu mpole. Walikuwa wameitazama ukutani tangu utoto. Shingo ilikuwa imekwisha kujifunza.

Basi tuzifanyeje picha hizi za wakubwa? Wako vijana wasemao tuzishushe, tuzichane, tuzitie moto. Nayajua maumivu yao. Lakini kuna habari. Mwaka 1900 Serov alimchora Mfalme Nicholas wa Pili, amekaa mezani katika koti la kawaida la ofisa, mtu wa macho ya huzuni asiyefanana na cheo chake. Picha hiyo iliharibiwa mwaka 1917 katika kasri la St. Petersburg. Tunaijua leo kwa kuwa mchoraji alikuwa ameacha nakala. Isingekuwako nakala, tungepoteza ushahidi mkubwa kwamba yule aliyetawala nchi ile pana alikuwa mtu tu, tena si mtu imara. Aliyeichana alidhani anamharibu Mfalme, kumbe anaharibu shahidi.

Wenye busara walifanya vingine. Mwezi wa Juni mwaka 1918 nyumba ya picha ya Tretyakov ilitangazwa kuwa mali ya taifa kwa amri iliyotiwa sahihi na Lenin, na mwisho wa mwaka huo ikafuata hazina ya Ivan Morozov. Hawakuwashusha matajiri ukutani. Sura ya Tretyakov ilibaki, na ya Mikhail, na ya Ivan mwenye matunda. Kilichobadilika ni mwenye nyumba. Kwa kitambo Ivan Morozov mwenyewe aliwekwa kuwa msaidizi wa mtunzaji wa picha zile zile zilizokuwa zake, kisha mwaka 1919 akaondoka nchini, akafa mwaka 1921.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mkapiga makofi. Lakini mwalimu asiyemaliza somo amewadanganya wanafunzi. Baada ya hapo nini kilifuata katika ukuta ule? Mwaka 1938 mchoraji Aleksandr Gerasimov alimchora Stalin anatembea na Voroshilov katika uwanja wa Kremlin, makoti marefu, vifua mbele, mbingu kubwa nyuma yao, mji wote chini. Picha hiyo ikapewa tuzo la Stalin mwaka 1941. Tuzo la Stalin kwa picha ya Stalin! Nao waliiita uhalisia. Na katika miaka ile ile, 1937 na 1938, watu kwa mamia ya maelfu walikuwa wakikamatwa na kuuawa, miongoni mwao wanachama wa chama chenyewe. Kitu hicho hakimo katika fremu. Pazia la kabaila lilikuwa limeondolewa, nguzo ya mawe imeondolewa, na kujipendekeza kumerudi kwa mlango wa nyuma. Baada ya mwaka 1956 picha nyingi za Stalin zilishushwa, na waliozitundika ndio waliozishusha.

Kwa hiyo nasema kwa sauti, tena nasema humu ndani ya mkutano wa chama: chama kinachojua kuuliza maswali mbele ya picha ya tajiri, na hakijui kuyauliza mbele ya picha ya kiongozi wake mwenyewe, kimebadili fremu tu. Kama haya ni makosa, wazee wanikosoe.

Maswali yenyewe ni manne. Yaandikeni, walimu, muwafundishe watoto. Moja: nani alilipa? Mbili: mikono inafanya nini? Tatu: nini kimeachwa nje ya fremu? Nne: nani ameandikwa jina, na nani ameandikwa kazi tu? Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyauliza. Akiyazoea mbele ya picha, atayauliza mbele ya gazeti, mbele ya tangazo la biashara, na mbele ya mgombea uchaguzi.

Mwisho nina maombi matatu kwa matawi. Kwanza, pale penye picha ya mwenye kiwanda au mwenye shamba katika ukumbi, shule au ofisi, isichanwe. Lakini iwekwe karatasi chini yake yenye habari kamili: kiwanda kilifanya nini, watu wangapi walifanya kazi, walilipwaje, na kama waligoma, waligoma lini. Lililo jema lake nalo liandikwe.

Pili, kila tawi lenye wafanyakazi wa viwanda, bandari, reli au mashamba likusanye majina ya wazee wa kazi hiyo wangali hai. Jina kamili, kazi aliyofanya, miaka aliyoifanya. Mwenye kamera apige picha, mwenye kujua kuchora achore. Zitundikwe kimo kile kile alichotundikwa tajiri, si chini ya hapo. Msingoje mchoraji mkubwa atoke ng'ambo. Mchochea moto wa Yaroshenko amekaa zaidi ya miaka 140 bila jina, si kwa sababu hakuwa nalo, ila kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Dosari kama hiyo kwetu haina udhuru, kwa maana kalamu tunazo na wazee wenyewe wanatujibu tukiwauliza.

Tatu, katika ofisi zetu wenyewe za chama, picha ya kiongozi ikitundikwa, na itundikwe. Lakini isiwe peke yake, na isiwe juu mno. Kiongozi mwema hahitaji shingo zetu.

Niko tayari kujibu maswali. Aanze yule mzee wangu.